Maswali na Majibu: Kuupiga Picha Mwaloni Mkongwe wa Angel Oak

SWALI: Ninaishi Charlotte, Marekani, na hivi karibuni nilikwenda kuupiga picha mwaloni uitwao Angel Oak kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa cha mwanga) na lenzi ya milimita 16 hadi 35 (namba ikiwa ndogo, eneo linaloonekana huwa pana zaidi). Katika picha zangu shina ni dogo, matawi ni meusi na anga ni jeupe tupu. Nifanyeje ili ukubwa wa mti huo uonekane?

JIBU: Ndugu msomaji, tatizo lako la kwanza ni mahali uliposimama. Mti huo wa kisiwa cha Johns, karibu na Charleston, jimboni South Carolina, una kimo cha takribani mita 20 tu, lakini kivuli chake hufunika mita za mraba 1,600 hivi. Ukiusogelea kwa milimita 16, tawi lililo mbele yako huvimba, na shina lenye mzingo wa takribani mita 8 hurudi nyuma likafanana na la mti wowote. Uwiano huo wa ukubwa kati ya tawi na shina huamuliwa na umbali uliopo kati yako na mti. Lenzi huamua tu ni eneo gani litaingia katika fremu.

Ili upana wa mita 50 uenee kwa milimita 24, kamera ikiwa imelala, unapaswa kuwa mita 33 hivi kutoka kwenye shina. Ukiwa hapo, mimi ningeisimamisha kamera wima kwa milimita 28, nikapiga picha kadhaa kutoka kushoto kwenda kulia, kila moja ikirudia theluthi ya iliyotangulia, kisha nikaziunganisha kwa programu. Funga fokasi, kiasi cha mwanga na urari wa rangi (white balance) kabla ya kuanza, na uiweke kamera sawasawa bila kuiinamisha juu, ili shina lisionekane kama linaanguka kinyumenyume.

Miti ya jirani ikikuzuia kurudi nyuma kiasi hicho, acha kuulazimisha mti mzima uingie. Nadhani picha iliyo bora zaidi pale ni ya tawi moja linaloshuka hadi ardhini na kuinuka tena, ukilifuata kwa jicho mpaka shinani. Mtu akisimama kando ya shina, katika umbali uleule wa shina kutoka kwenye kamera, mtazamaji atapata kipimo cha kweli. Asipande wala kuegemea matawi, kwani mengine yameshikiliwa na nguzo na nyaya. Nguzo hizo nazo ziache pichani. Ni sehemu ya maisha ya mti unaokadiriwa kuwa na miaka 400 au zaidi, ulioharibiwa na kimbunga Hugo mwaka 1989 na bado ukasimama.

Kuhusu anga jeupe, mwaloni wa aina hii hubaki na majani karibu mwaka mzima, hivyo chini yake kuna giza hata mchana, na tofauti kati ya giza hilo na anga huuzidi uwezo wa kihisi cha kamera. Nenda siku ya mawingu, chagua pembe ambayo majani yanajaza mandhari ya nyuma, na upige kwa faili ghafi (RAW), inayohifadhi taarifa zote za kihisi. Pale ambapo anga haliepukiki, piga picha tatu zinazotofautiana kwa stopu mbili mbili (kila stopu moja huongeza mwanga mara mbili au huupunguza kwa nusu), kwa f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi) na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Upepo ukivuma majani yatacheza, nawe itakubidi utegemee picha moja tu, ukilinda sehemu angavu kwa kuangalia histogramu, yaani grafu ya kamera inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga pichani.

Saa chache baada ya mvua kubwa ndizo ningezichagua kuliko zote. Juu ya matawi huota kangaga ambazo wakati wa ukavu hujikunja zikawa kahawia, na zikipata maji hukunjuka na kuwa kijani kibichi, huku gome likikolea rangi. Filta ya polaraiza, yaani kioo kinachowekwa mbele ya lenzi kupunguza mng'ao, itaondoa mng'ao wa maji kwenye majani na gome, lakini hula mwanga wa stopu moja hadi mbili, kwa hiyo utahitaji stendi ya miguu mitatu. Waulize kwanza wahudumu wa bustani ulimo mti huo kama wanairuhusu, na usiisimike juu ya mizizi.