Muulize Fundi: Gari inalala ndani, vyuma navyo vinataka pa kulala

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Tabata Segerea, gereji yangu ya nyumbani ni futi 9 kwa 15 na gari yangu, Toyota IST, inalala humohumo. Wikiendi nachomelea mageti, sasa nina mashine ya kuchomelea ile ya koili, kompresa ya lita 50, jiliwa kubwa la kubania vyuma, jeki ya tani 3, grinda mbili na sanduku la spana ambalo peke yangu silinyanyui. Vyote viko chini, mama watoto analalamika gari haiingii vizuri, na juzi nimejikwaa kwenye jeki kucha ikang'oka. Kuna fundi kaniambia atanipigia shelfu za ukutani mzunguko mzima, ukuta ni tofali za inchi 5. Nimpe hela?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana na hiyo kucha. Hela usimpe kwanza. Ukuta wa inchi 5 sio wa kubebeshwa vyuma vyako, hasa hizi tofali zetu za mtaani ambazo nyingi mchanga umezidi simenti, ukitoboa na drili unga unamwagika kama wa sembe na ile boliti ya kutanuka inakosa pa kushika. Mi mwenyewe niliwahi kupiga shelfu kwenye ukuta kama huo, nikaweka jiliwa juu, ikakaa miezi miwili nikajua nimepatia, halafu usiku mmoja tukasikia kishindo, asubuhi nakuta shelfu imeng'oka na vipande vya tofali, jiliwa limelala pale pale mwanangu anapoegesha baiskeli yake. Mpaka leo nikikumbuka moyo unaruka.

Tatizo sio kilo peke yake, ni kilo ziko mbali kiasi gani na ukuta. Tuseme shelfu imetoka sentimita 60, katikati umeweka kilo 40, na engo, yaani chuma cha pembe kinachoibeba, imelala ukutani sentimita 30. Hapo boliti za juu zinavutwa zitoke ukutani kwa nguvu ya kama kilo 40, achilia mbali huo uzito wenyewe unaoshuka chini. Shelfu hiyo hiyo ukiifupisha iwe ya sentimita 40, mvuto unashuka mpaka kama kilo 27. Kwahiyo ukutani weka shelfu nyembamba na vitu vyepesi tu: helmeti, waya, glavu, makopo ya rangi yaliyobaki. Na kama kuna kitu lazima kining'inie, tafuta nguzo ya zege au ule mkanda wa lenta, yaani zege linalopita juu ya milango na madirisha, pale boliti inashika kweli.

Vizito vyote vishuke chini ya kiuno. Sasa tupime nafasi. IST ile ya zamani ina urefu wa kama mita 3.86 na upana mita 1.7, gereji yako ni mita 4.57 kwa 2.74. Ukiingiza gari pua mbele ukaisogeza ukuta wa kushoto, abiria washukie nje kabla hujaingia, kulia unabaki na nafasi ya kufungua mlango wako ukashuka vizuri, na mbele ya bampa zinabaki kama sentimita 70. Hizo 70 ndo stoo yako mdogo wangu! Chomelea benchi la skwea paipu la inchi moja na nusu, kina chake kisizidi sentimita 45, urefu wa kwenda juu kama 85, juu plaiwudi ya milimita 18 mbili zilizobanwa pamoja. Chini ya benchi kompresa iingie na magurudumu yake, pembeni yake jeki, na mashine ya koili ikae kwenye kigari chake kifupi unachokivuta mpaka nje siku ya kazi. Sanduku la spana ligawe, manake sanduku ambalo hulinyanyui utaliacha popote ulipolitumia, na siku nyingine utajikwaa kwenye hilo badala ya jeki. Jiliwa lifunge juu ya mguu wa benchi kabisa, sio katikati ya plaiwudi, ukipiga nyundo nguvu inashuka kwenye mguu mpaka sakafuni.

Magurudumu ya kigari usinunue kwa kukisia. Sakafu zetu hazijanyooka, mara nyingi gurudumu moja linaelea, kwahiyo uzito wote gawanya kwa 3 sio kwa 4. Kigari na mzigo vikiwa kilo 90, kila gurudumu liweze kubeba 30 na zaidi. Mawili yawe yanazunguka na yana breki.

Halafu piga kipande cha mbao ya mbili kwa nne sakafuni tairi la mbele ligote hapo. Bila hicho siku moja mtu atapaki haraka na bampa itakutana na jiliwa.

SWALI: Mi niko Kigamboni karibu na bahari, vifaa vinakula kutu hata nikivifunika nailoni. Nifanyeje?

JIBU: Hiyo nailoni ndo inayokuponza dada yangu, inafungia unyevu ndani na chuma kinatoa jasho. Toa. Pangusa chumvi, paka oili nyepesi kwa kitambaa, funika na shuka la pamba. Fremu za shelfu zipakwe redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, kabla ya rangi yenyewe, hasa kwenye maungio, na shelfu ya chini iinuke sentimita 15 toka sakafuni maana masika maji yanaingia bila hodi. Kompresa kama unayo, ukimaliza kazi toa upepo wote halafu fungua koki ya chini maji yatoke, tangi linaozea kwa ndani usikokuona. Na diski za grinda usizilaze chini ya kitu kizito wala mahali penye unyevu, angalia tarehe iliyogongwa kwenye kile kipete cha chuma katikati, ikiwa imepita itupe hata kama hujawahi kuifunga kwenye mashine.