Konkuru ya leta: soma Katiba yenyewe, kisha uangalie mpaka ulio karibu nawe

Wiki iliyopita dada mmoja wa Likasi aliniandikia: “Yaya, nimesikia ulipita konkuru ya leta. Na mimi nataka kuifanya, lakini ile sehemu ya utawala na uhusiano wa kimataifa inaniogopesha. Nianzie wapi? Na ni kweli kwamba kama hauna mukubwa wa kukusukuma unapoteza tu wakati?” Maswali haya yananifikia mara nyingi, basi nimeona nimjibu mbele ya wote. Kwa asiyejua: leta ni serikali, na konkuru ya leta ni mtihani wa kuingia kazi ya serikali hapa kwetu Kongo ya Kinshasa.

Naanza na lile la mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma. Nilipomaliza masomo hapa Lubumbashi nilipeleka karatasi zangu katika ofisi moja. Bwana aliyenipokea hakufungua hata bahasha. Aliniuliza tu, “Mama, uko na nani Kinshasa?” Nikamwambia sina mtu. Akanirudishia bahasha yangu, akaendelea na simu yake. Nilirudi nyumbani kwa miguu, katika komini ya Kenya hapa hapa Lubumbashi, na jioni ile bukari haikunipita kooni. Hadi leo nikipita mbele ya jengo lile naangalia upande mwingine.

Sisemi upendeleo haupo, nchi hii tunaijua sote. Lakini sheria ya tarehe 15 Julai 2016 kuhusu watumishi wa kudumu wa leta inataka watu waajiriwe kwa konkuru, na kopi yangu, yaani karatasi ya majibu, hakuna mkubwa aliyeniandikia. Nilipita, jina langu likabandikwa ukutani pamoja na ya wengine wasiokuwa na mtu. Nalisema kwa sauti kwa sababu wako wengi walioulizwa swali lile lile wakaacha kabisa.

Sasa, nianzie wapi? Dada yangu, anzia kwenye Katiba. Watu wengi wanajitayarisha kwa silabi (noti za masomo) ya mtu mwingine, fotokopi ya fotokopi, ambamo Katanga bado ni jimbo moja. Katanga iligawanywa mwaka 2015 ikawa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na mgawanyo huo wa majimbo 25 pamoja na jiji la Kinshasa uliandikwa katika kifungu cha 2 tangu Katiba ilipotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Mtu anayeandika “majimbo 11” kwenye kopi yake leo ameshajifunga mlango mwenyewe, hata kama Kifaransa chake ni kizuri namna gani.

Kitabu changu cha Katiba nilikinunua kwenye meza za barabarani mjini. Jalada lilitoka, nikakishona kwa uzi mweusi wa kusukia nywele. Pembeni ya kila kifungu kikubwa niliandika kwa bic nyekundu jina la kitu ninachokijua kwa macho yangu. Kwenye kifungu cha 202 niliandika “Kasumbalesa”, jina la mpaka wetu na Zambia. Hapo ndipo masomo yaliponifungukia, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kifungu cha 202 kinaorodhesha mambo ya serikali kuu peke yake, na la kwanza kabisa ni mambo ya nje: ubalozi, mikataba na makubaliano ya kimataifa. Kifungu cha 203 ni yale ambayo serikali kuu na majimbo wanashirikiana. Kifungu cha 204 ni ya majimbo peke yake, kama shule za msingi na sekondari, kwa kufuata kanuni zilizowekwa na serikali kuu. Sasa chukua msongamano wa malori pale Kasumbalesa. Je, gavana wa Haut-Katanga anaweza kwenda kutia sahihi mkataba na Zambia? Anaweza kuzungumza na majirani, anaweza kupanga mambo ya jimbo lake, lakini mkataba si wake. Rais wa Jamhuri ndiye anayejadili na kuridhia mikataba, kifungu cha 213. Mkataba ukiwa wa biashara, au wa amani, au ukigusa fedha za leta, hauridhiwi ila kwa sheria, kifungu cha 214, maana yake Bunge lazima lipite hapo. Ukishachapishwa, nguvu yake inapita ya sheria za kawaida, kwa sharti kwamba upande wa pili nao unautekeleza, kifungu cha 215. Umeona? Kwa mpaka mmoja tu, ambao labda shangazi yako anauvuka kila wiki kufuata unga, umesoma utawala na uhusiano wa kimataifa kwa pamoja.

Pesa nayo ni hivyo hivyo. Kifungu cha 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na inakatwa pale pale yanapopatikana. Jioni moja nilikuwa namweleza mama yangu hilo wakati anachambua ndagala zake sokoni, vichwa upande huu, mawe madogo upande ule. Hakuinua uso. Akaniuliza, “Sasa kama ni yetu, kwa nini inaenda kwanza Kinshasa halafu tunaanza kuiomba?” Lile ndilo swali lenyewe! Katiba inasema kukata kwenye chanzo, lakini kinachofanyika ni Kinshasa kukusanya kisha kurudisha, na tofauti hiyo ndiyo msingi wa nusu ya magomvi kati ya majimbo na serikali kuu. Weka hapo na mrabaha wa madini, yaani malipo ambayo kampuni inailipa leta kwa madini inayoyachimba: kwa sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, asilimia 50 ni ya serikali kuu, 25 ya jimbo, 15 ya mji, komini, sekta au usultani ambako mgodi uko, na 10 ya mfuko wa vizazi vijavyo. Kijana wa Likasi au Kipushi ambaye hazijui namba hizi ananishangaza, maana anaishi juu ya madini yenyewe.

Kwa hiyo eleza kila kifungu kwa Swahili kwa mtu wa nyumbani kabla ya kukiandika kwa Kifaransa. Mtihani utakuwa kwa Kifaransa, ndiyo, lakini kichwa kielewe kwanza. Mama asipoelewa, jua wewe ndiye hujaelewa.

Upande wa kimataifa, watu wanapotea kwa kukariri majina ya wakuu wa nchi na vifupisho vya mashirika. Soma kesi. Kongo yetu ni shule nzima mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye. Tarehe 14 Februari 2002 tuliishinda Ubelgiji: jaji wa kule alikuwa ametoa waranti ya kumkamata waziri wetu wa mambo ya nje, Abdulaye Yerodia, na Mahakama ikasema waziri wa mambo ya nje aliye kazini ana kinga mbele ya mahakama za nchi nyingine. Tarehe 19 Desemba 2005 tukashinda dhidi ya Uganda, na tarehe 9 Februari 2022 fidia ikawekwa dola milioni 325. Lakini kesi dhidi ya Rwanda, tarehe 3 Februari 2006, Mahakama ilisema haina uwezo wa kuisikiliza. Kwa nini moja ilisikilizwa na nyingine hapana? Kwa sababu nchi haipelekwi pale bila kukubali. Uganda ilikuwa imeshakubali mamlaka ya Mahakama, Rwanda haikukubali. Mtu akiandika hayo kwa aya moja safi, msahihishaji anajua ana mtu mbele yake. Akijaza ukurasa mzima kwa hasira juu ya Rwanda bila kusema neno hili la kukubali, hasira yake ni ya haki, sisi sote tunaibeba, lakini haina alama.

Miezi ya katikati sina la kusimulia: kusoma, kuandika, kusoma tena kwa mwanga wa simu umeme ukikatika.

Kwenye mtihani wa mdomo waliniuliza Kongo iko katika jumuiya zipi na faida yake ni nini. Walio mbele yangu walitoka wakisema walitaja majina. Mimi nilijibu kwa malori. Nikasema: lori linaloondoka Lubumbashi kwenda Durban linapita Zambia na ndani ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, la Dar es Salaam linapita Zambia hiyo hiyo, ambayo ni ya SADC na COMESA (soko la pamoja la Afrika Mashariki na Kusini) lakini si ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakati sisi tumo zote tatu, na ile ya Mashariki tulikamilisha kujiunga nayo Julai 2022. Halafu nikaongeza CEEAC ya Afrika ya Kati, na nikaeleza uzito wa kuwa na ahadi nyingi za forodha kwa wakati mmoja. Mmoja wa wale wazee aliacha kuandika, akanitazama, akasema, “Endelea.” Niliendelea. Najivunia neno lile moja kuliko cheti changu.

Vijana wenzangu, tuache kulala mbele ya simu tukibishana siasa hadi saa saba za usiku, kisha asubuhi tunasema leta haitutaki. Mbishi mkubwa wa mtaani kwetu hajawahi kufungua kifungu cha 220, na kila siku anakitaja. Kifungue! Kiko pale, kinasema wazi mambo gani hayaguswi katika kurekebisha Katiba, ikiwemo idadi na muda wa vipindi vya Rais. Anayetaka kuitumikia leta aijue kwanza.

Na akija mtu kukuuzia maswali ya konkuru, usitoe hata faranga. Pesa hiyo nunua Katiba, sheria ya madini, na daftari.

Dada wa Likasi, kazi yako ya kwanza ni hii. Kongo imechaguliwa kukaa katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa miaka 2026 na 2027, kiti kisicho cha kudumu, bila kura ya turufu. Andika kurasa mbili: nchi yenye kiti kama hicho inaweza kufanya nini juu ya vita inayopigwa ndani ya ardhi yake yenyewe, na nini haiwezi? Andika kwa mkono, si kwa simu, upige picha, unitumie kabla ya Jumapili. Nitaisahihisha.