Aluni ya sokoni: inasafisha maji ao inatudanganya?

SWALI: Jambo ndugu mhariri. Huku Goma, soko Virunga, kuna ile jiwe nyeupe yenye kuangaza kama barafu, wanaita aluni. Bwana yangu anajipakala kisha kunyoa, shemeji yangu anaitia mu bido ya maji ya ziwa anasema inaua mikrobe. Jina inatoka wapi, na shemeji ana haki? (Mama wa Majengo)

JIBU: Mama, jina tulipata kwa Wafaransa wanaosema alun, wao walitosha kwa Kilatini alumen, watu wa pwani wao wanaita shabu, ile ni ya Kiarabu. Na aluminiamu ya masufuria yetu ilibatizwa kwa hiyo alumen na Humphry Davy, Mwingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1800, juu ile metali iko ndani ya jiwe. Zamani ilikuwa biashara kubwa sana, bila aluni rangi haishike mu kitambaa, Ulaya walikuwa wananunua kwa Waturuki mpaka miaka ya 1460 walipoikuta Tolfa, karibu na Roma, na Papa akajifungia biashara yote, eti pesa ni ya vita na Waturuki haohao!

Sasa shemeji. Hapana, haiue. Vumbi na udongo mu maji vinasukumana havishuke, aluni inavifanya vishikane, vinakuwa vizito vinaenda chini, basi maji juu inakuwa safi kwa macho tu, lakini kolera haionekane na macho, na sisi wa Goma tuliiona 1994 hatuna haja ya kufundishwa. Tena maji ya Kivu mara nyingi iko safi kwa macho tangu mbele, aluni itashusha nini pale? Ya mvua ao ya mto yenye matope, sawa: tia kidogo, koroga, acha nusu saa ao zaidi, mimina ya juu mu bido ingine, KISHA tia klori ao chemsha. Na ile ya kutia mu maji ulizia vizuri muuzaji, juu ile ya maji mara nyingi ni unga, ndugu yake tu na jiwe ya kunyolea.

Ya bwana haina matata, inakaza ngozi damu inasimama, na kwenye kwapa inazuia harufu. Ila kwa kinyozi akatae ile jiwe moja inayozunguka kwa wateja wote, damu ya watu inabakia pale, hepatiti B, ile ugonjwa ya maini, inapitaka hivyo. Abebe yake.