Soko litafungwa Jumatano ya lini? Kwa maafisa habari wapya wa halmashauri

Ajira mpya zikisharipoti, huwa sina haja ya kuuliza nani amepangiwa kitengo cha mawasiliano. Nasoma ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, najua. Tangazo la kufungwa kwa barabara linaanza na salamu za Mkurugenzi, linapita kwa Mstahiki Meya, linawashukuru wadau wote wa maendeleo, na barabara yenyewe inakuja kutajwa karibu na mhuri, wakati dereva wa daladala ya Igoma, hapa Mwanza, ameshaondoka zamani. Nawapenda, wadogo zangu, na ninaelewa hofu ya kumkosea mkubwa itifaki. Lakini uvumilivu wangu umekwisha, na mvua za vuli ziko njiani, kwa hiyo someni haya kabla mitaro ya Mabatini haijaanza kufurika.

Kwanza, sentensi ya mwanzo itaje kinachotokea, mahali, wakati na anachotakiwa kufanya mwananchi. Itifaki ina jalada lake.

Pili ni tarehe, na hapa itabidi mnivumilie, kwa sababu ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa mgeni kazini katika halmashauri moja ya kando ya ziwa, ambayo sitaitaja, nikaletewa dokezo la Afisa Afya kwamba soko la samaki lingefungwa kwa siku moja ili lipuliziwe dawa na mitaro yake izibuliwe. Niliandika tangazo ambalo nililiona zuri mno: wafanyabiashara wote wanatangaziwa kuwa soko litafungwa siku ya Jumatano. Mhuri ukagongwa, picha ikapigwa, ikaingia katika makundi ya WhatsApp ya wenyeviti wa mitaa. Jumatano ikafika, soko likafungwa, Alhamisi likafunguliwa, na mimi nikapongezwa katika kikao cha menejimenti.

Wiki iliyofuata, Jumanne jioni, mtu mwenye nia njema kabisa akaikuta ile picha katika simu yake, akaituma upya. Alfajiri ya Jumatano mitumbwi ya visiwani ikafika na sato na sangara kama kawaida, kwa kuwa wavuvi walikuwa majini usiku kucha na hawakuwa na habari ya kufungwa kwa kitu chochote. Wanunuzi hawakuwepo. Kina mama wachuuzi, ambao kwa kawaida huwa wameshajaza ndoo zao kabla jua halijachomoza, walikuwa majumbani mwao wakilitii tangazo langu. Barafu ikayeyuka, bei ikaporomoka kadiri jua lilivyopanda, na samaki waliostahili kuuzwa wabichi wakaishia kubanikwa kwa hasara.

Hilo peke yake huenda lingesamehewa. Nililoliongeza juu yake ndilo linalonikosesha raha mpaka leo. Niliandika kanusho kwa hasira, nikawalaumu watu wasioitakia mema halmashauri, ilhali mkosaji nilikuwa mimi. Na ili kila msomaji aelewe ninachokanusha, nikaambatisha ile picha ya tangazo la zamani, safi, bila alama yoyote juu yake. Mnajua jinsi watu wanavyotumiana vitu: maneno yangu yaliachwa, picha ikachukuliwa. Kanusho likaifikisha hadi kwenye mialo, kule mitumbwi inakoshushia samaki, ambayo mara ya kwanza haikuwa imeiona kabisa. Mwenyekiti wa soko, mzee mwenye upole wa kutisha, hakunifokea. Alinikaribisha kizimbani kwake, akanipa simu yake niishike, akaniuliza, "Mwanangu, hii Jumatano ni ya mwezi gani?" Dokezo la Afisa Afya lilikuwa na tarehe kamili, mimi ndiye niliyeiondoa, kwa kuona kwamba inaharibu mtiririko wa sentensi.

Kwa hiyo andikeni siku, tarehe, mwezi na mwaka, hata kama jambo lenyewe ni la kesho, na picha ya zamani isitoke tena ofisini mpaka iwe imepigwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Saa nazo zitajiwe kipindi chake. Mkiandika "saa 8:00" tupu katika tangazo la mkutano wa hadhara, wanaozifuata tarakimu za simu watafika asubuhi, wazee watafika baada ya chakula cha mchana, na Afisa Maendeleo ya Jamii atavihutubia viti.

Tatu, mtajeni mwenye kazi. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za wilaya na mitaa zimekuwa za TARURA tangu 2017, maji ya jiji ni ya MWAUWASA na umeme ni wa TANESCO. Asiyeambiwa anayechimba mbele ya duka lake ni nani atawapigia ninyi, tena kwa haki.

Nne, acheni kunakili tangazo la mwaka juzi. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na bado nimeletewa rasimu inayowasihi wasafiri wa Sengerema wawahi foleni ya kivuko pale Kigongo. Rasimu hiyo hiyo iliomba radhi kwa usumbufu "utakaojitokeza". Usumbufu ulishajitokeza, ndugu yangu. Tuambie utakwisha lini.

Katika tangazo la tamasha, semeni daladala zitapita wapi na mtoto aliyepotea apelekwe hema lipi. Namba 114 ya Zimamoto na 112 ya Polisi ziwekwe bila kusubiri kukumbushwa.

Usalama wa ziwani nimeuweka mwisho kwa sababu ndio unaonikera zaidi. "Wananchi wanaombwa kuchukua tahadhari" ni sentensi isiyomwambia mtu afanye nini. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kikiwa na watu wengi kuliko uwezo wake, na waliofariki walizidi 220. Tangazo la usafiri wa majini litaje idadi ya abiria wanaoruhusiwa, ili mama aliye na mzigo wake gatini apate hoja ya kumkatalia nahodha. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi, msilipambe wala kulifupisha, na msilisubirishe saini hadi saa kumi jioni, kwa maana wavuvi wa dagaa huingia ziwani jioni na angalizo lenu litawakuta taa zimeshawashwa katikati ya maji. Mpigieni mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, wa kila mwalo kabla ya saa sita mchana, kisha ndipo mwandike. Na mkitaka kufundisha matumizi ya jaketi okozi, tazameni mbalamwezi kabla ya kupanga siku: mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavuliki vizuri, wavuvi wako nchi kavu wakishona nyavu, na mkutano wenu utapata watu.