Bundi shomoro: usimwite, msubiri

Mwezi wa kumi, saa kumi na mbili asubuhi, huwa nimeshafika mahali pangu katika milima ya Schwarzwald, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Giza bado limetanda. Namfuata kwa kamera bundi ambaye Wajerumani humwita Sperlingskauz, yaani bundi shomoro. Ana gramu 60 hivi, anaenea kiganjani. Mimi nimekulia Tanga, ambako bundi ni ndege wa uchuro, na nadhani ndiyo maana nilitamani kumtazama vizuri.

Wengi huniuliza habari za lenzi. Milimita 500 inatosha, na stendi ya miguu mitatu ni lazima. Lakini kilichonipa picha ni masikio. Msimu huu wa majani kupukutika, bundi huyu hulinda eneo lake kwa miluzi inayopanda, kila mmoja mwembamba kuliko uliotangulia. Ukiisikia, simama hapo hapo, kisha kagua vilele vya misonobari, maana hupenda kukaa nchani kabisa. Kukipambazuka, wasikilize ndege wadogo. Wakikusanyika mahali pamoja na kupiga kelele, huenda wanamzomea yeye, kwa kuwa huwala.

Nakusihi, usimpigie sauti yake iliyorekodiwa. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo kwa simu. Alikuja mara moja, akatua mita nne tu kutoka kwangu, manyoya yamembana mwilini, mkia ukienda huku na huku. Picha zilitoka safi, ila siwezi kuzitazama kwa raha: ni ndege anayejiandaa kupigana na adui asiyekuwepo. Asubuhi tatu zilizofuata pale palikuwa kimya. Tena akijitokeza ovyo, anajianika kwa bundi wakubwa ambao humla. Ndege hawa walishatoweka Schwarzwald miaka ya 1960, wakarudishwa kwa jasho la watu.

Kuhusu mwanga, mbingu nyeupe nyuma yake humfanya atoke mweusi kama kivuli, kwa hiyo ongeza mwanga wa picha kwenye kamera kwa hatua moja au zaidi. Akitulia, kasi ya shata ya sekunde 1/60 hufaa, na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya 3200 usiiogope. Fokasi iwe ya nukta moja, la sivyo kamera itashika matawi. Flashi iache nyumbani.

Na usiharakishe kubonyeza. Kisogoni ana mabaka mawili meusi yenye ukingo mweupe, mfano wa macho. Subiri ageuke. Macho yake halisi ni ya manjano.