Uliza Fundi wa Maandishi: Bango limevimba

SWALI: Mambo vipi fundi. Nina mteja anataka bango la shoo lenye ladha ya miaka ya 70, nikampigia fonti ya Cooper Black kuanzia kichwa mpaka masharti ya tiketi kule chini. Sasa anasema bango zima limevimba na maandishi madogo hayasomeki. Nitoe fonti yote au inaokoleka?

JIBU: Inaokoleka ndugu yangu, fonti haina shida, umeipa tu kazi isiyo yake. Cooper Black ilitoka 1922, aliichora Oswald Cooper wa kule Chicago, kwa hiyo miaka ya 70 unayoitafuta iliikuta tayari mtu mzima, na toka mwanzo ni herufi ya matangazo, ya kumshika mtu akiwa mbali. Hebu ikuze uangalie a na e ndogo, unene umejaa mpaka nafasi ya ndani imebaki kama tundu la sindano. Ikiwa kubwa, huo ndo utamu wenyewe. Ukiishusha mpaka saizi 8 au 9 kile kitundu kinaziba, hasa karatasi ikiwa inakunywa wino, na msomaji hajui tena hii ni e au o.

Kwa hiyo iache kwenye jina la shoo peke yake, maneno mawili matatu basi, na tarehe, ukumbi na masharti vyote viende kwenye fonti tulivu, mimi hapo naweka Futura bila kufikiria mara mbili. Usije ukaweka fonti nyingine ya vituko pembeni yake, watagombana. Halafu punguza herufi kubwa, jina lote likiwa kwa herufi kubwa linakuwa ukuta, ule uduara unaochekesha uko kwenye herufi ndogo. Na maneno yetu marefu haya, sijui "tunawakaribisha", yanakula upana wote wa bango, tafuta neno fupi.

Kitu kingine wengi wanasahau ni nafasi kati ya herufi. Miaka ile ya 70 uchapaji ulishahamia kwenye kupanga herufi kwa njia ya picha, hakuna tena vile vipande vya herufi vya madini ya risasi vya kuzuia zisisogeleane, watu wakabananisha herufi mpaka zinakaribia kugusana, na jicho likiona hivyo linasema tu hii ya zamani. Bananisha na wewe, ila kwa macho, herufi moja moja, usiiachie kompyuta.

SWALI: Fonti za retro, yaani za mtindo wa zamani, za kudanlodi bure naweza kuzitumia kwenye fulana za kuuza?

JIBU: Soma leseni kwanza, nyingi ni bure kwa matumizi binafsi tu, ukishauza unatakiwa kulipia. Usipotaka presha chukua Shrikhand pale Google Fonts, nene, imelala kidogo, leseni yake ya wazi na inaruhusu biashara.