Darasa geuzi bila video

Wakufunzi wenzangu wakisikia "darasa geuzi", yaani mwanachuo asome nyumbani na kipindi kiwe cha kufanyia kazi alichosoma, wanauliza kwanza kamera na intaneti. Ni kweli Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia huko Colorado, Marekani, walianza mwaka 2007 kwa kurekodi masomo kwa ajili ya waliokosa vipindi. Wao walikuwa na kompyuta. Sisi huku Mbeya tuna karatasi, na inatosha.

Nafundisha chuo cha afya. Darasa limejaa, wengi wamepanga mitaa ya Soweto na Mwanjelwa, bando ni la kuhesabia. Siku mbili kabla ya kipindi natoa ukurasa mmoja: mbele maelezo, nyuma maswali. Kiongozi wa darasa anaupeleka steshenari, wanatoa kopi moja kwa watu watatu. (Ukisubiri chuo kilipie kopi, muhula utaisha.) Wenye simu janja nawatumia na sauti, dakika 10 za sauti ni megabaiti chache tu, na akiipata mmoja anawarushia wengine kwa Bluetooth.

Kazi yenyewe iko darasani. Chukua hesabu ya dozi: mtoto wa kilo 12, parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo, sirapu ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Kila mtu aandike jibu lake kwanza, ndipo abishane na jirani, utaratibu ambao profesa Eric Mazur aliuanzisha kwenye fizikia pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, miaka ya 1990. Hakosi wa kuleta mililita 36: kapata miligramu 180, kaigawa kwa 5. Simsahihishi. Jirani yake anamshukia, "Vijiko saba vya mililita 5, kwa mtoto huyu?" Wanarudi kusoma lebo ya chupa, wanabishana tena, mwisho wanafika kwenye mililita 7.5 (180 ÷ 120 × 5).

Wasiosoma hawakosekani. Ukiwaonea huruma ukafundisha upya, wiki ijayo hata waliokuwa wakisoma wataacha. Mimi nawakalisha nyuma wasome ukurasa huo huku wenzao wakiendelea. Wananuna, hasa wale waliozoea kung'ara kwa kukariri.

Na mkuu wa idara mwambie mapema. Akipita dirishani akasikia kelele, na wewe huna chaki mkononi, atajua hufundishi.